Video mubashara katika maandalizi ya filamu ya mtaa

Filamu ya kutambulisha mtaa ni filamu fupi, aghalabu ya dakika mbili hadi tano, inayotengenezwa ili mtu anayetafuta kiwanja au nyumba aujue mtaa kabla ya kuujua mlango. Nyumba huwa na video yake: sebule, vyumba, jiko, choo, uzio na geti. Filamu ya mtaa hushughulika na yaliyo nje ya geti: vumbi liko kiasi gani kabla ya kufika lami, maji ya bomba hutoka siku ngapi kwa wiki, shule ya msingi iko umbali gani kwa miguu ya mtoto, daladala ya mwisho hupita saa ngapi, na mvua ikinyesha maji huelekea wapi. Hutengenezwa na madalali, na kampuni zinazopima na kuuza viwanja, na wajenzi wa nyumba za makazi. Mtazamaji wake anayeihitaji kuliko wote ni yule asiyeweza kupanda bodaboda akajionee mwenyewe: mtumishi aliyehamishiwa Dar es Salaam kutoka Mwanza, au Mtanzania aliyeko Muscat, London au Houston ambaye anataka kujenga nyumbani na macho yake pekee ni simu.

Filamu nyingi za aina hii zina kasoro moja. Huanza na droni ikipaa juu ya mabati, muziki ukipigwa, zikafuata nyumba mbili tatu za kupendeza, kisha namba ya simu. Ukibadilisha jina la mtaa, filamu ileile inafaa Bunju, Goba au Chanika. Kamera mara nyingi haina kosa hapo. Kosa ni kwamba mswada uliandikwa kabla mwandaaji hajajua mtazamaji anataka kuulizia nini. Video mubashara, ile ambayo mitaani huitwa laivu, ni njia ya bei nafuu ya kuziba pengo hilo. Mwandaaji hutembea mtaani akiwa hewani wiki kadhaa kabla ya siku ya kupiga filamu. Watazamaji huuliza, hurekebisha, hata hubisha, na maswali yao ndiyo yanayojenga mswada. Katika kazi hii matembezi ya hewani ni utafiti. Yakifanywa kama tangazo hupoteza karibu faida yake yote, kwa sababu anayetangaza huzungumza muda wote, ilhali anayetafiti hunyamaza ili asikie.

Zamani ukaguzi wa eneo ulifanywa kwa daftari na kamera ya picha mnato, na kilichoonwa na mtu mmoja siku moja ndicho kilichoingia katika filamu. Mambo yalibadilika mwaka 2015, programu za Meerkat na Periscope zilipomwezesha mwenye simu kurusha video papo hapo. Facebook ilifungua huduma kama hiyo kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2016, na Instagram ikaanza yake Novemba mwaka huohuo. Mwezi huohuo WhatsApp nayo iliongeza simu za video, ambazo leo zinaweza kuunganisha hadi watu 32 kwa pamoja. Periscope ilifungwa Machi 2021, lakini kufikia wakati huo laivu ilikuwa imeshazoeleka, na leo hata dalali anayeuza kiwanja kimoja kwa mwezi anaijua.

Kuchagua jukwaa ni uamuzi unaohusu kumbukumbu kuliko idadi ya watazamaji. Instagram huvuta watu haraka, ila video inapohifadhiwa kwenye simu maoni hayahifadhiwi pamoja nayo. Kwa mtafiti hasara hiyo ni kubwa, kwa kuwa maoni ndiyo mavuno yenyewe. Facebook huonyesha maoni sambamba na picha, lakini tangu Februari 2025 huhifadhi video mubashara kwa siku 30 tu kisha huzifuta, hivyo inabidi zipakuliwe mapema. YouTube hutunza mazungumzo ya watazamaji na kuyaonyesha upya video inaporudiwa, na kwa hiyo huwafaa wanaotaka kumbukumbu kamili. WhatsApp haina hadhira ya umma, wala yenyewe hairekodi simu, lakini ina faida ambayo majukwaa mengine hayana: watu kumi walioalikwa, wote wanunuzi wa kweli, huuliza kwa uwazi mambo ambayo wasingeyauliza mbele ya umati. Waandaaji makini hufanya matembezi mawili, moja la wote na jingine la wateja wachache, na mara nyingi la pili huzaa maswali mazito zaidi.

Kibada, katika Manispaa ya Kigamboni, inaonyesha vizuri jinsi kazi hii inavyokwenda. Ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa katika mradi wa serikali wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam ulioanza mwaka 2002, kwa hiyo barabara zake za mtaa zimenyooka kuliko za maeneo yaliyojijenga yenyewe. Anayetoka katikati ya jiji hufika huko kwa njia tatu: kuvuka kwa kivuko kutoka Magogoni, kupita Daraja la Nyerere linalounganisha Kurasini na Vijibweni, au kuzunguka kwa barabara kupitia Mbagala na Kongowe. Daraja hilo lenye urefu wa mita 680 hivi lilifunguliwa Aprili 2016, na magari hulipa tozo. Mtu asiyeijua Kigamboni anadhani swali kubwa la mnunuzi ni bei ya kiwanja. Matembezi ya hewani hufichua haraka kwamba bei huulizwa mara moja tu, na kuvuka maji huulizwa tena na tena: foleni ya kivuko asubuhi ikoje, tozo ya mwezi mzima ni kiasi gani kwa mwenye gari dogo, mgonjwa akizidiwa usiku wa manane anapitishwa wapi. Filamu ya Kibada isiyojibu maswali hayo haijaanza kumhudumia mnunuzi, hata kama picha zake zinang'aa.

Maandalizi ya matembezi huanza kwa kuchagua saa. Kwa hadhira iliyotawanyika duniani, Jumamosi saa kumi na moja jioni inafaa kuliko saa nyingine nyingi. Muscat huwa ni saa kumi na mbili jioni, tena ni mwisho wa juma. London wakati wa baridi ni saa nane mchana, na Houston katika majira hayohayo ni saa mbili asubuhi, kabla watu hawajatoka kwenda kwenye shughuli zao. Ulaya na Marekani hubadilisha saa kwa majira, na Afrika Mashariki haibadilishi. Kwa hiyo tangazo la matembezi litaje saa ya kila mji badala ya kumwachia mtazamaji hesabu. Saa hiyo pia ina mwanga mzuri. Dar es Salaam jua huzama kati ya takribani saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na huzama kwa haraka, kwa sababu karibu na ikweta linashuka karibu wima. Mwanga laini wa dhahabu ambao wapiga picha wa Ulaya huufaidi kwa muda mrefu zaidi katika kiangazi chao, pwani ya Afrika Mashariki haukai hata saa moja.

Kisha kuna bando. Video ya ubora wa 720p hutumia takribani megabiti 3 kwa sekunde, kwa hiyo nusu saa hewani hula karibu MB 675, na kasi inayopimwa hapa ni ya kupakia, ambayo kwa kawaida huwa ndogo kuliko ile ya kupakua. Njia itembewe siku moja kabla, simu ikipimwa kasi kila baada ya mita mia kadhaa, na laini za mitandao miwili ziwepo. Sehemu ambayo mtandao hufifia nayo ni taarifa: mnunuzi anayefanya kazi nyumbani kwa kompyuta atataka kuijua. Upepo wa bahari ni adui mwingine wa kazi hii Kigamboni. Huingia kwenye maiki ya simu ukafunika sauti zote, na dawa yake ni maiki ndogo ya kubana kwenye shati, yenye sponji au manyoya ya kuzuia upepo.

Anayeshika simu asiwe ndiye anayesoma maoni. Mtu mmoja hutembea na kuonyesha, mwenzake hufuata nyuma na simu ya pili, akisoma maswali kwa sauti na kuandika dakika ambayo kila swali limeulizwa. Mgawanyo huu pia ni wa usalama, kwa sababu mtu aliyezama kwenye kioo haoni bodaboda inayomjia wala kibaka anayeinyemelea simu yake. Mwendo uwe wa polepole kuliko kutembea kwa kawaida, kwa kuwa video ya mtandaoni hubanwa ili isafiri, na kamera ikizungushwa kwa kasi picha huvunjika vipande vipande. Kuna pia ucheleweshaji. Anachokiona mtazamaji kimeshapita kwa sekunde kadhaa, wakati mwingine kumi na zaidi. Mtu akiuliza, “Huo mfereji ni wa nini?”, mtembezi ameshaupita. Dawa ni kusimama kwenye kila kituo kwa nusu dakika nzima, kuuliza, “Hapa mngependa kuona nini?”, na kungoja. Ukimya huo huwatisha wengi, wakaujaza maneno. Unastahili kuvumiliwa, kwa sababu maswali bora huja ndani yake.

Njia yenyewe ifuate maisha ya siku moja ya mkazi. Inaanza kituoni daladala zinaposhusha watu, inaingia barabara ya mtaa, inapita kwenye fremu za maduka, gengeni, kwa wakala wa pesa za simu, kwenye zahanati, msikitini na kanisani, shuleni, na kuishia ambapo nyumba zinaisha. Pale mwishoni ndipo mtaa wa kesho unapoonekana: viwanja vyenye mawe ya mipaka, msingi uliomea nyasi, nguzo za umeme zilizofika na zisizofika. Droni huyapita haya yote kwa sekunde nne, lakini mtu anayetembea huyaona.

Watazamaji wa laivu ni wa makundi mawili, na mwandaaji anayewachanganya hupoteza nusu ya faida. Wanunuzi huuliza. Wakazi hujibu na kusahihisha, na mara nyingi wao ndio wenye dhahabu. Dalali anaposema kwamba barabara hupitika mwaka mzima, kisha mkazi akaandika, “Hapo kwenye bonde Aprili gari dogo halipiti, tunaacha magari kwa fundi seremala,” sentensi hiyo moja ina uzito kuliko nusu siku ya kukagua kwa macho. Inataja mahali, mwezi, aina ya gari na wanachofanya watu. Asiyejua kazi hii humchukulia mkazi huyo kama mharibifu wa biashara na kumzuia. Anayeijua humshukuru hewani kwa jina alilotumia, na kesho yake humtafuta, humsalimia na kumwomba amwonyeshe hilo bonde. Inawezekana kabisa filamu ikawa na tukio lake bora pale pale kwa fundi seremala.

Baadhi ya maswali hayapaswi kujibiwa hewani. La kwanza ni umiliki. “Hicho kiwanja cha kona kina hati?” ni swali la haki, lakini jibu lake linapatikana kwa kufanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, na neno la dalali aliyesimama barabarani haliwezi kuchukua nafasi yake. Swali liandikwe, na ahadi iwe ya kuliulizia panapohusika. La pili ni swali la majirani: ni watu wa wapi, wa dini gani, wa kabila gani. Nchini Marekani, ambako filamu za mitaa ni sehemu ya kawaida ya kazi ya mawakala wa nyumba, sheria ya makazi ya mwaka 1968 inakataza tangazo la nyumba linaloonyesha upendeleo kwa misingi ya rangi, dini au asili ya taifa, na kwa marekebisho ya baadaye jinsia, ulemavu na hali ya kuwa na watoto. Mawakala huko hufundishwa kueleza huduma na kuacha kueleza watu. Ni desturi njema popote. Filamu ionyeshe msikiti, kanisa, shule na uwanja wa mpira, na mtazamaji mwenyewe aone kama panamfaa.

Kumwonyesha mtu hewani ni jambo zito kuliko kumrekodi, kwa sababu kilichokwisharushwa hakirudi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria ya aina hiyo ya mwaka 2019. Picha ya mtu anayetambulika inaangukia humo. Lakini hata kabla ya sheria kuna adabu. Mtembezi akifika gengeni huelekeza kamera chini kwanza na kusalimia: “Shikamoo mama. Tunaonyesha mtaa wetu, kuna watu wanatuangalia sasa hivi kwenye simu. Tukuonyeshe wewe na genge lako, au tuonyeshe mboga tu?” Jibu likiwa, “Marahaba mwanangu, onyesha mboga, mimi niache,” basi ni mboga: mafungu ya mchicha na matembele yaliyonyunyiziwa maji, nyanya zilizopangwa kwa mafungu, bei zikitajwa kwa sauti ya mama asiyeonekana. Sauti yake itatosha kumweleza mnunuzi mengi kuhusu mtaa. Watoto wanaotoka shule, namba za magari, geti lililoachwa wazi na ratiba za walinzi havionyeshwi kabisa. Mwizi naye ni mtazamaji.

Kwa upande wa mamlaka, hatua ya kwanza ni serikali ya mtaa. Mwenyekiti akipewa taarifa mapema, na mjumbe wa shina akijua, mtembezi halazimiki kujieleza kwa kila anayemtilia shaka. Kibali cha filamu yenyewe huombwa Bodi ya Filamu Tanzania, na Zanzibar ina baraza lake linalosimamia sanaa na filamu. Droni zinahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Kenya husimamia za kwake kupitia mamlaka yake ya anga, KCAA, chini ya kanuni za mwaka 2020. Kigamboni ina tahadhari yake ya ziada: kuna kituo cha jeshi la wanamaji, kuna matangi ya mafuta, na ng'ambo ya kivuko ni Ikulu. Picha za kivuko ambazo kila mwandaaji anazitamani zinapigwa mahali ambapo kamera ikigeuka kidogo tu inaingia katika eneo lisiloruhusiwa. Matembezi ya hewani yasianzie hapo kabisa. Safari ya kivuko ipigwe siku ya filamu, kwa kibali mkononi, pembe za kamera zikiwa zimekubaliwa.

Baada ya matembezi inakuja kazi ya kuchosha ambayo ndiyo inayotofautisha utafiti na burudani. Video nzima husikilizwa tena, na kila swali huandikwa pamoja na dakika yake na mahali mtembezi alipokuwa amesimama. Maswali yakishapangwa, sura ya filamu huanza kujitokeza. Yanayorudiwa na watu wengi huwa sehemu kuu za filamu. Yanayojibiwa kwa picha moja, kama umbali wa zahanati, huwa picha moja. Yanayobadilika kila mwezi, kama nauli, tozo au bei, huachwa nje ya filamu na kuwekwa kwenye maelezo yaliyo chini yake, ambapo ni rahisi kuyarekebisha. Mengine hubaki kwa maofisa: ratiba ya maji huulizwa DAWASA, kufika kwa umeme huulizwa TANESCO, na mpango wa barabara huulizwa manispaa. Jibu la mdomo la jirani huingia katika filamu likiwa limetajwa kuwa ni la jirani.

Kuhesabu maswali pekee hakutoshi, kwa kuwa walio wengi hewani si lazima wawe wanunuzi. Swali la mama mmoja aliyeko Leicester kuhusu kama kiti cha magurudumu cha mzee wake kitapita kwenye njia za mtaa linaweza kuwa limeulizwa mara moja tu, lakini linafichua hali ya njia kwa kila mtu: kina mama wenye vitoto, wazee, wauza maji wa mikokoteni. Hapa uamuzi wa mwandaaji hauna mbadala. Filamu nzuri ina maswali matatu au manne ya watu wengi, na moja la mtu mmoja.

Orodha ya picha hufuata, na katika orodha hiyo saa ina uzito uleule wa mahali. Video ya matembezi huonyesha jua lilikuwa wapi saa kumi na moja jioni, lakini mwaka una jua zaidi ya moja. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, takribani nyuzi 30 kutoka utosini, na mwezi Desemba hupita upande wa kusini. Duka au shule inayotazama kusini hukaa kivulini karibu siku nzima mwezi Juni, na hung'aa Desemba. Mwandaaji aliyefanya matembezi Januari akapiga filamu Julai bila kukumbuka hilo atakuta mbele ya jengo lake pamegeuka giza. Pwani kuna pia maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hurudi mbali sana kisha hujaa hadi juu ya ufuo, na saa za maji husogea kwa karibu dakika 50 kila siku. Ufuo wa Mjimwema, Kigamboni, uliopigwa maji yamejaa na ule uliopigwa maji yamekupwa utadhani ni wa nchi mbili. Kumwonyesha mnunuzi hali zote mbili ni uaminifu, na huchukua sekunde sita tu za filamu.

Tahadhari moja ya ufundi husahaulika mara kwa mara. Laivu hurushwa simu ikiwa wima, na filamu ya mtaa kwa kawaida hutazamwa kwa upana, kwenye kompyuta au televisheni. Fremu iliyopendeza kwa wima, yenye mnazi na mlango wa duka, kwa upana inaweza kuingiza lundo la takataka upande wa kushoto. Katika kila kituo, mwenzake mtembezi apige picha mnato mbili za upana kwa simu yake, ili siku ya filamu pasiwe na mshangao. Lenzi pana za simu nazo hunyoosha barabara na kuzifanya zionekane kubwa kuliko zilivyo. Kwa filamu inayouza ardhi huo ni udanganyifu hata kama haukukusudiwa, na barabara ipigwe kwa lenzi ya kawaida, mtu au bajaji ikiwa ndani ya fremu ili upana wake uonekane. Muziki unaovuma kutoka baa au dukani huleta tatizo lingine: mifumo ya majukwaa huutambua na kuweza kunyamazisha video nzima. Sauti ya mtaa yenyewe, adhana, kengele ya shule, muuza kahawa akigonga vikombe vyake, haina mwenye hakimiliki na inasema zaidi.

Mvua inahitaji aya yake, kwa sababu ndipo filamu nyingi za mitaa ya Dar es Salaam zinapomwangusha mnunuzi. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba, na filamu nyingi hupigwa kiangazi, anga likiwa la bluu. Jiji linajua gharama ya kutoitazama mvua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu bonde la Msimbazi, na serikali ikawahamishia wengine Mabwepande. Kampuni inayouza viwanja haipendi kuonyesha matope, na inaeleweka, lakini mnunuzi wa mbali atayaona siku atakayoleta mchanga na kokoto, akiwa ameshalipa. Matembezi mafupi ya pili, ya dakika kumi tu, yafanywe asubuhi baada ya mvua kubwa ya masika, kwa njia ileile na vituo vilevile. Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji na mwavuli ushikwe na mwenzake mtembezi. Matembezi hayo yanaonyesha maji yanakopita, mahali kalvati lilipofanya kazi na lilipozidiwa, na watu wanavyozunguka. Kama mtaa unakauka ndani ya saa mbili, hakuna tangazo litakaloshinda picha hizo. Kama haukauki, bei ya viwanja vya bondeni ina sababu, na mnunuzi ana haki ya kuijua.

Siku ya kupiga filamu huwa fupi pale maandalizi yalipokuwa hivi, kwa kuwa kila picha ina sababu, mahali na saa. Wanaohojiwa ni watu waliokwishazungumza hewani au mtaani, hawashtuki tena na kamera. Mhariri hupewa orodha ya maswali pamoja na picha, na kazi yake ni kuhakikisha kila swali kuu limepata jibu linaloonekana. Maandishi ya chini huwasaidia wanaotazama simu bila sauti ndani ya daladala, na watoto wa diaspora waliokulia nje ambao hawashiki Kiswahili cha mazungumzo ya haraka huhitaji toleo lenye tafsiri. Kabla ya kutolewa, filamu huonyeshwa kwa mwenyekiti wa mtaa na wakazi wachache. Wanaoishi hapo hugundua makosa ambayo mhariri hawezi kuyaona: jina la barabara lililobadilika, zahanati iliyohama, kisima kilichokauka.

Filamu inapotolewa, huwekewa mwezi na mwaka wa kupigwa, vikaandikwa ndani ya picha yenyewe na si kwenye maelezo peke yake. Mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam hubadilika upesi; lami ikifika, nusu ya filamu imezeeka. Matembezi mafupi ya hewani kila baada ya masika hutosha kuonyesha kama filamu bado inasema kweli, na maswali mapya yanayoulizwa humwambia mwandaaji ni sehemu zipi zipigwe upya.